Mtoto Aliyekosa Maswali Yote

Wanangu mnaoanza kazi ya ushauri wa wanafunzi, tangu nistaafu hamnipi raha: Ustadha Rayya andika, Ustadha Rayya usiende na mambo yako kaburini. Haya, naandika, ingawa safari ya kaburini sina haraka nayo. Kuhusu vyeo na mishahara sina la kuwaambia ambalo hamjalilalamikia wenyewe kwenye chumba cha chai. Nitawaeleza siku ya kwanza, vifaa, mtu aliyenifunza, na mtoto mmoja aliyenihangaisha kuliko wote, Thuwaiba.

Siku ya kwanza nilifika skuli pale Al Khuwair, huku Oman, nimevaa abaya mpya na viatu vinavyobana, nikijua kwamba naenda kuokoa watoto. Nikaonyeshwa ofisi yangu. Ilikuwa stoo ya vifaa vya michezo na ilikuwa bado haijaambiwa kwamba imebadilishwa kazi. Kiti hakuna, nikakaa juu ya godoro la sarakasi lililokunjwa, na kila nilipojisogeza mpira mmoja ulitoka kwenye wavu ukaniangukia kichwani. Mteja wangu wa kwanza hakuwa mtoto, alikuwa fundi wa eisi, yaani kiyoyozi. Alinisimulia matatizo ya ndoa yake huku kichwa kimo ndani ya dari, nami nikamshauri nilivyoweza. Eisi haikupona, ndoa sijui.

Aliyenifunza kazi ni Ustadha Ihsan, Msudani mnene mwenye sauti ya taratibu, aliyekuwa mshauri pale kabla yangu na akabaki nami mwaka mzima kabla ya kurudi kwao. Vitabu vya chuo alivitazama kama mtu anavyotazama menyu ya mkahawa ambao hana nia ya kula humo. Yeye alinipa kanuni za kazi. Mzazi asikae nyuma ya mtoto wakati wa kipimo, kwa sababu wako akina baba wanaokohoa jibu. Yeye aliwahi kumpima mtoto ambaye baba yake alikohoa sana mpaka akampelekea maji, na mtoto akakosa swali lililofuata. Ukimtembelea mtoto nyumbani, usikubali kubakishwa kwenye majlisi, sebule ya wageni. Majlisini utapewa halwa na maneno mazuri. Jifanye unataka kusaidia kuosha vikombe, uingie jikoni, maana huko ndiko watu husahau kwamba wewe ni mgeni. Na kabla hujaamua lolote juu ya mtoto, alinisisitiza, mjaribishe. Usiseme huyu atafaa darasa fulani. Mpeleke akakae humo wiki moja uone.

Vifaa vyangu vilikuwa hivi: boksi la vipande vya mbao, vyekundu upande mmoja na vyeupe upande wa pili; kadi zenye michoro ambayo mtoto hutakiwa kuipanga kwa vipande hivyo; saa ya kupimia muda; karatasi laini za kufutia machozi, nyingi zikitumiwa na wazazi; na kopo la tende. Mkiulizwa na wakaguzi, tende ni za mtoto.

Thuwaiba aliletwa kwangu nikiwa nimeshazoea kazi na nimeshapata kiti. Alikuwa darasa la pili, mdogo hata kwa umri wake, nywele zimesukwa mistari miwili, na kwenye paji la uso kadoti kadogo ka wanja ambako nilikajua papo hapo. Hata mimi nililelewa na bibi wa Unguja. Kadoti kale huwekwa mtoto asipatwe na jicho, ili atakayemtazama kwa husuda aanze kuona doa kwanza.

Mwalimu wake wa darasa, Ustadha Hanan, alikuja amechanganyikiwa. Kwa mujibu wake Thuwaiba alikuwa hajui kusoma. Kila akipewa kitabu anakitumbulia macho na kutikisa kichwa. Lakini siku ile asubuhi, Ustadha Hanan alipita ukumbini akamkuta mtoto huyo huyo amesimama mbele ya mtungi wa kuzimia moto, anamsomea mwenzake maelekezo yote, Kiarabu kisha Kiingereza, na kumwonya kwamba mtungi wenyewe umepitwa na wakati. Wakaenda kuutazama. Kweli ulikuwa umepitwa.

Nikawaita wazazi. Walikuja pamoja wakitofautiana, na nadhani walikuwa wanatofautiana tangu Amerat walikokuwa wanakaa, njia nzima ya mlimani. Baba, Nasor, alikuwa anauza magari kwenye moja ya maduka makubwa ya Wattaya, na alizungumza juu ya binti yake kwa lugha ya kazini.

"Ustadha, huyu ni fulu opsheni, kila kitu kimo," alisema kabla hajakaa. "Kusoma kaanza kabla ya kuota meno ya mbele. Sasa nyie mmemfunga gia ya kwanza, injini inachemka. Mrusheni darasa la tano, khalas!"

"La tano?" Mama yake, Shamsa, alimgeukia. Yeye alikuwa mtumishi wa wizara, mita chache kutoka skuli, na kila asubuhi alimleta mtoto akiwa bado amelala kwenye gari. "Umtie katikati ya majitu, kila mtu amtazame, aseme, ahadithie? Ustadha, mie staki mtoto wangu akatiwa macho. Mie nataka nimtoe skuli kabisa. Atasomea nyumbani, kwa mtandao, na bibi yake yupo. Ndani, pazia limefungwa, basi."

"Na weye ushafunga pazia mpaka mtoto anajifanya hajui kusoma!"

"Na weye kila mteja anayeuliza bei ya gari unamwambia habari za mwanao! Juzi kaja mtu kununua tairi karudi nyumbani na hadithi ya Thuwaiba!"

Niliwapa tende. Kisha nikawaambia nitampima kwanza.

Nilimpima peke yake, kama nilivyofunzwa. Alikaa kwenye kiti, miguu inaning'inia, akanitazama kwa adabu. Nikamwekea kadi yenye mchoro mwepesi wa vipande vinne. Akavipanga haraka, akaweka mikono magotini. Amekosa. Nikampa mwingine, mgumu zaidi. Amekosa. Nikampa ule wa mwisho, ambao mimi mwenyewe siupendi, na ambao Ustadha Ihsan alikuwa akiupanga huku akisoma aya za kujikinga. Mtoto akaupanga kabla sijabonyeza saa vizuri, na akakosa. Tukaenda kwenye namba. Ninasema namba, yeye anazirudia.

"Tatu, saba, mbili," nikasema.

"Nne, nane, tatu."

"Tano, moja, sita, nane."

"Sita, mbili, saba, tisa."

Niliandika sifuri kila mahali, nikamruhusu aende, na nikabaki nimekaa naitazama ile michoro yake mezani. Ilikuwa ina kasoro fulani iliyokuwa nadhifu mno. Ikanichukua muda, aibu kusema, na tende kadhaa. Kila penye nyekundu alikuwa ameweka nyeupe, na kila penye nyeupe ameweka nyekundu, bila kuteleza hata pembe moja. Na kila namba aliyorudia alikuwa ameiongeza moja. Jaribuni wenyewe mkirudi nyumbani. Kupata ni rahisi zaidi. Ili mtu awe mjinga kwa kiwango kile, lazima kwanza ajue kila kitu.

Nikamwita tena. Nikamwambia kwa Kiswahili, ingawa mbele ya watu skulini tulikuwa tunazungumza Kiarabu tu, "Thuwaiba, mwanangu, umekosa vizuri sana. Nani kakufunza?"

Alipokisikia Kiswahili uso wake ulibadilika, akawa mtoto wa nyumbani. "Bibi kasema nsijibu kweli mbele za watu. Watu wakijua nna akili watanitia jicho, alafu mtu anaumwa. Ile siku mama ulimi ulimteleza kwenye harusi, kasema mie nasoma magazeti, babu akaugua palepale."

"Babu aliugua nini?"

"Tumbo. Kala sana biriani. Lakini mie najua ni mimi."

Nilimuuliza swali ninalowauliza watoto wote, ambalo wazazi husahau: wewe mwenyewe unataka wapi, darasa la mbele, au nyumbani? Akakichezea kipande chekundu.

"Nataka pahala ambapo nkijibu kweli haumwi mtu," akasema.

Sitaki kuwaficha, moyo uliniuma. Nimewaona wasichana waliojificha hivyo wakiwa wadogo, na kufikia ukubwani kujificha kumekuwa ndiyo tabia yao, hata wao wenyewe wamesahau walikuwa wanaficha nini. Mzaha wote wa siku ile uliniishia pale. Niliona kwamba suala si kuruka darasa wala kubaki nyumbani. Kama hofu ile ingebaki naye, darasa la tano angekosa maswali ya darasa la tano, na nyumbani angekosa ya mtandaoni.

Ila kazi ni kazi, na kanuni ya Ustadha Ihsan ilisema mjaribishe. Nikawaomba wazazi wiki mbili: moja Thuwaiba akae darasa la nne, moja asomee nyumbani. La tano nilimkatalia Nasor, akalipokea kwa uchungu wa mtu aliyeambiwa gari lake halipiti ukaguzi.

Wiki ya darasa la nne ilianza kwa matatizo ya kimo. Dawati lilimfika kidevuni, bomba la kutilia udhu hakulifikia, na kwenye somo la michezo mpira ulipomjia aliukwepa kwa heshima, akaupisha upite. Lakini wasichana wa darasa la nne walimpenda kwa nguvu iliyotutisha. Walimsuka upya kila mapumziko, mpaka Jumatano nywele zilikuwa zimechoka. Walimbeba. Waligombania nani amnyanyue kwenye bomba. Siku moja nilimkuta amekaa juu ya mabega ya msichana mrefu kuliko wote, ameshika sambusa mkono huu na sambusa mkono huu, anawaeleza kwa nini mwezi unabadilika umbo, na wao wamekaa chini wanasikiliza. Aliponiona tu akanyamaza, akasema kwa sauti ya mtu mzito wa akili, "Mwezi ni mviringo." Wenzake wakanitazama kwa hasira kana kwamba nimezima televisheni.

Darasani alikosa yote.

Wiki ya pili ilikuwa ya nyumbani. Nilikwenda Amerat bila kutoa taarifa, nikapanda ile barabara ya mlimani nyuma ya lori la maji, na nilipofika mlango ulifunguliwa na Harriet, msichana wa Uganda aliyekuwa akifanya kazi pale. Alikuwa ameshika penseli na uso wa mtu anayeteseka.

"Karibu, Madam. Tafadhali sema na huyu mtoto. Mimi nilikuja kupika na kufagia, sasa ananipa homuweki. Jana nimelala na jedwali la tisa kichwani. Hata kwa maombi yangu nimejikuta nasema tisa mara saba."

"Na ni ngapi?"

"Sitini na tatu," alisema kwa huzuni. "Wallah sitini na tatu." Neno la wallah alilipata kazini kwake, na alilitumia vizuri kuliko wengi.

Nikapita majlisini bila kusimama, nikaingia jikoni moja kwa moja. Ustadha Ihsan angejivunia. Friji lilikuwa limegeuzwa ubao, limejaa maandishi ya kalamu ya kufutika. Mbele ya friji, juu ya mkeka, palikuwa na nafasi tatu za wanafunzi: Bi Moza, bibi yake Thuwaiba mzaa mama, amejifunga leso yake na miwani imeshuka puani, dada yake Bi Moza, ambaye alikuwa amekuja kusalimia siku mbili zilizopita na hakuruhusiwa kuondoka mpaka amalize hesabu za sehemu, na nafasi ya Harriet, tupu. Thuwaiba amesimama juu ya kigoda, mwiko mkononi.

"Bi Moza," alisema mtoto, "sayari gani ya karibu na jua?"

"Mie nlishajibu jana."

"Jana ulikosa, Bibi."

Macho yake yalikuwa yanang'aa. Alikuwa mtoto mwingine kabisa, anacheka, anaruka, anarekebisha, anasamehe. Nikapewa nafasi mkekani, na kwa bahati mbaya nikapewa swali. Nikalikosa, na sikukosa kwa makusudi. Nikajisemea, kumbe Shamsa ana haki, nyumbani ndiko.

Ndipo kengele ya mlango ikalia. Harriet akachungulia na kutaja jina la jirani mmoja, mama mwenye sauti kubwa na habari nyingi. Bi Moza akapiga ukelele, "Mgeni!"

Ilikuwa kama mazoezi ya kujihami na moto, na ilifanyika vizuri kuliko tulivyowahi kuifanya skulini. Dada mtu akafuta friji kwa kanga. Harriet akatupa penseli ndani ya sufuria na kufunika. Mwiko ukarudi kwenye mchuzi. Na Thuwaiba akashuka kigodani, akakaa pembeni, akaingiza upindo wa nguo mdomoni, akalegeza taya, na ile nuru yote usoni ikazimwa. Mama jirani aliingia, akambusu, akasema, "Masikini, huyu bado hajachangamka?" Bi Moza akajibu, "Bado, dada, tunamwombea."

Nilicheka mpaka nikajifanya napaliwa. Halafu nikamtazama tena mtoto, ambaye alikuwa hachezi mchezo wowote, alikuwa analinda watu wake, na kicheko kikaniganda. Nyumba ile ilikuwa na wageni asubuhi, mchana na jioni, kama nyumba zetu zote. Angekuwa anawashwa na kuzimwa hivyo maisha yake yote.

Jirani alipoondoka nilibaki kuosha vikombe na Bi Moza. Sikumwambia kwamba jicho ni upuuzi. Kwanza si kazi yangu. Pili, mimi mwenyewe ninapopata gari jipya huning'iniza kitu. Nilimwambia tu jambo la skuli, la mudira, mkuu wetu wa skuli.

"Bi Moza, mudira kayaona matokeo ya kipimo. Anasema mtoto hawezi darasa la pili. Anataka kumrudisha la kwanza, na kikao ni Jumapili."

Kikombe kilimponyoka kikaanguka kwenye maji. "Kumrudisha? Thuwaiba? Kwa nini?"

"Kwa sababu kakosa maswali yote."

"Yote?" Alishika kiuno. "Mie nlimwambia akose machache! Nlimwambia, mwanangu, kosa kosa kidogo, uwe kama watu. Nani kamwambia akose yote?"

"Ni mtoto mwenye bidii, Bi Moza."

Alikaa kwenye kigoda cha mjukuu wake. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo kwamba alikuwa na mdogo wake, huko Unguja, hodari wa kusoma, watu wakija kumsikiliza mpaka barazani, na akafa kwa homa kabla hajabaleghe. Tangu hapo kila mtoto mwerevu katika ukoo ule alifichwa. Shamsa pia alifichwa, na ndiyo maana anaficha. "Mie simwonei haya huyu mtoto, Ustadha," alisema. "Mie namwogopea. Nkimsikia anasema mambo yake yale, roho inanitoka kwa furaha, na palepale inanitoka kwa khofu." Nikamshika mkono wenye sabuni.

Jumapili, ambayo huku ni siku ya kazi, kikao kilikuwa ofisini kwa mudira, mama wa Kiomani kutoka bara, makini sana, ambaye Kiswahili hakijui hata neno moja. Nasor alikuja na suti. Shamsa aliomba ruhusa wizarani kwa nusu saa. Bi Moza hakualikwa, lakini alikuwepo, kwenye kiti kizuri. Thuwaiba alisimama katikati ya zulia, mdogo, na kale kadoti ka wanja.

Mudira akasema kwa Kiarabu kwamba ameheshimu maoni yangu kuhusu vipande vyekundu na vyeupe, lakini yeye hawezi kumpandisha mtoto darasa kwa sababu anakosa kwa mpangilio. Angemuuliza mwenyewe, pale pale. Akijibu, tutazungumza kuhusu darasa la nne. Asipojibu, la kwanza. Shamsa akasema kwa haraka kwamba kama ni hivyo atamchukua nyumbani leo leo. Nasor akafungua mdomo, nami nikamkanyaga mguu, kwa sababu alikuwa anaanza kukohoa.

"Thuwaiba," mudira akamwambia, "kumi na mbili mara tano ni ngapi?"

Mtoto hakumtazama mudira. Alimtazama bibi yake. Midomo yake ilikuwa imeshaanza kuunda jibu, na nilijua ni lipi: sitini na moja. Shamsa alikuwa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili.

Bi Moza aliinuka. Akamwendea mjukuu wake, akapiga magoti juu ya zulia, na magoti yenyewe yalilalamika kwa sauti. Akamwambia kwa Kiswahili, polepole:

"Jibu, mama yangu. Jibu kweli, jibu zote. Hutomtia mtu maradhi. Biriani ya babu yako mie ndo nlopika, na samli nlizidisha. Weye soma tu. Kazi ya kukusema vibaya, jicho lisikupate, niachie mimi."

Thuwaiba akavuta pumzi. "Sitini," akasema.

"Kabahatisha," akasema Bi Moza kwa Kiarabu, kwa sauti ya kusikika chumba kizima, akirudi kwenye kiti chake.

Mudira akamtazama kwa mshangao, akauliza jingine, kubwa zaidi. Mtoto akajibu. "Nyumbani hajui hata kufunga viatu," akasema Bi Moza. Akamwambia asome, mtoto akasoma ukurasa wa gazeti la mudira, na akaeleza. "Na anakoroma," akasema Bi Moza. Mudira akaanza kusahau kwamba ni kipimo. Alikuwa anauliza kwa raha sasa, la mvua, la milima, la kwa nini bahari ina chumvi, na kila jibu sahihi lilifuatwa na tusi la Bi Moza, mpaka Nasor akajitia naye, "Mvivu sana huyu," huku machozi yanamtiririka ndani ya ndevu. Shamsa alikuwa wa mwisho. Aliulegeza mkoba, akainua kichwa, na akasema, "Na mchafu, mudira. Huwezi kuamini."

Mudira akanivuta pembeni kuniuliza kwa nini familia hii inamchukia mtoto wao. Nikamwambia nitamweleza kwa maandishi.

Alipelekwa darasa la nne, akaruka la tatu. Alichagua mwenyewe, alipoulizwa, kwa sababu huko kuna watu wa kumnyanyua kwenye bomba na hawaogopi akisema habari za mwezi. Nyumbani darasa la jikoni liliendelea jioni, na Harriet akafika jedwali la kumi na tisa kwa kupenda mwenyewe, ingawa alikana. Mwaka mzima wa kwanza nilimwita Thuwaiba kila wiki kumsikiliza tu. Palitokea siku alizorudi nyuma, kama siku mama yake alipopata mafua, akakosa maswali siku mbili kwa mkupuo. Bi Moza aliletwa skulini, akasimama mlangoni mwa darasa na kutangaza kwamba mjukuu wake ni gogo, na mambo yakatengemaa.

Kwa kweli alikifanya kibarua kile kwa uaminifu ambao sikuuona kwa mtumishi yeyote. Kila Thuwaiba alivyopanda, Bi Moza alizidi kumshusha. Kwenye harusi, kwenye hitma, kwenye foleni ya hospitali, aliwaambia watu kwamba mtoto yule ni mzigo wa familia. Wenye kujua siri walimwitikia. Wasiokuwa na habari walimtafutia mtoto mganga.

Siku niliyostaafu waliniandalia hafla ukumbini. Kusema kwa niaba ya wanafunzi wa zamani alikuja Thuwaiba, msichana mrefu sasa, amevaa miwani, kadoti hana. Alisimama jukwaani bila karatasi, akazungumza Kiarabu kilichowafanya walimu wa lugha washikane mikono. Bi Moza alikaa karibu yangu mstari wa mbele. Kwa kila sentensi nzuri alimgeukia mama asiyemjua aliyekaa upande wake wa pili na kumwambia: kakariri tu, hiyo kaandikiwa, nyumbani hata salamu hajui. Mkono wangu alikuwa ameushika kwa nguvu, unaniuma, na leso yake imelowa.

Thuwaiba akafika mahali aliposema jambo kuhusu bibi yake. Sitaliandika, ni lake. Ukumbi ukasimama kupiga makofi. Bi Moza akafungua mdomo kwa ajili ya kazi yake, na sauti haikutoka. Akajaribu tena. Akanigeukia, macho yamemtoka kwa hofu.

"Ustadha," akaninong'oneza, "imenishinda. Sema weye. Sema upesi!"

Nikainuka, nikaweka sawa shela yangu, nikamwinamia yule mama. Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyempima mtoto huyu tangu udogoni, kwamba ni kazi yangu ya miaka yote, na kwamba, kwa masikitiko makubwa, ni mzito wa akili. Ndiyo tathmini ya mwisho niliyotoa kazini, na mpaka leo siitengui.